Bango la Kasoli

Kuya,

Mwadila. Ungekuwepo ungeitikia salamu hii ya Kisukuma kabla sijamaliza neno, kwa ile sauti yako ya kupanda na kushuka iliyokuwa ikiwachekesha vijana wa mtaroni. Ungeniuliza habari za mama yangu na za mbuzi wake, ndipo tufike kwenye habari za kazi. Leo sina habari za mbuzi. Nina kichefuchefu, na nimeona heri nikuandikie wewe kuliko kukimwaga kwenye meza ya mtu.

Niko masjala, ofisi yetu ile ile ya mradi wa maji hapa Bariadi, dirisha lile lile linalotazama uwanja wa mabomba. Wenzangu wamekwenda kula. Nje yanapita malori ya pamba. Tulikuzika mvua zikiwa zimeshika, na sasa watu wanavuna. Mbele yangu kuna karatasi ya Meneja yenye maneno ya bango la kituo cha kuchotea maji cha Kasoli, kile ulichokisimamia tangu kuchimba msingi mpaka siku maji yalipotoka yakiwa na matope na kina mama wakapiga vigelegele hivyo hivyo. Karatasi inasema: KITUO CHA MAJI KASOLI, KWA MCHINA. Chini yake, kwa herufi ndogo: Kwa heshima ya fundi wetu mpendwa.

Heshima! Nimelisoma neno hilo mpaka mate yamenijaa mdomoni, yale mate ya maji maji yanayotangulia kutapika. Fundi wa mabango ananisubiri jioni hii, na mimi karani ndiye wa kumpelekea maneno.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza hapa? Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu cha utunzaji wa kumbukumbu, naogopa hata kufunga droo kwa sauti. Nilikuita Mister. Ukasema, "Mister ni mtu wa benki. Mimi mkubwa kwako, niite Kuya." Ukanieleza kwamba kwenu Ufilipino ndivyo mdogo anavyomwita kaka mkubwa, awe wa damu au wa kazini, na anayemwita mkubwa wake kwa jina tupu huonekana hakulelewa. Nilifurahi, kwa sababu hata kwetu ni hivyo. Kisha ukaniuliza jina. Nikasema Minza. "Minza nani?" Nikasema Ng'wandu, nikijiandaa kulirudia, maana Meneja, ambaye ni Mtanzania kama mimi, mpaka leo ananiita Nguwandu. Wewe ulilitamka sawasawa mara moja. Ukacheka, ukasema kwenu maneno mengi huanza na sauti hiyo hiyo, kwa hiyo huenda Wasukuma na nyinyi mlinyonya ziwa moja.

Uliwajua wachimba mitaro wote. Masanja, Jilala, Kulwa na Doto ambao mama yao mwenyewe alikuwa akiwachanganya. Sikuwahi kukusikia ukimwita mtu "we dogo". Na hao hao uliowajua kwa majina ya baba zao, walikuita Mchina.

Si wao tu. Sisi wa ofisini, wenye vyeti ukutani, tulikuwa na Wachina wawili: Injinia Shen, ambaye kweli ni Mchina, alikuwa Mchina Mrefu, na wewe ulikuwa Mchina Mfupi. "Gari kachukua Mchina yupi?" "Yule mfupi." Hivyo ndivyo tulivyozungumza, kama watu wanaotafuta spana. Nilipokuuliza kama hukasiriki, ulikuwa unakula matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, yale matobolwa ya mama yangu uliyosema yana ladha ya viazi vya bibi yako kule Leyte. Ukameza kwanza. Ukasema, "Mchina si tusi, Minza. Shen ni Mchina, jina zuri la watu wake. Lakini mimi si yeye. Mtu akiniita Mchina anataka kusema: sina haja ya kukujua." Halafu ukaongeza kitu ambacho nimekuwa nakirudia kichwani tangu ufe: kama hujui mtu anatoka wapi, muulize, ukiona haya kumuuliza, mwite jina lake, na kama jina hulijui, mwite kaka, nani atakataa kuitwa kaka?

Ilikuwa rahisi hivyo. Mtoto wa chekechea angeweza.

Lakini watu wazima walishindwa. Kanisani walikupiga picha ukipokea komunyo, na mama mmoja nyuma yangu akasema, bila hata kunong'ona, "Kumbe Mchina naye anasali!" Wewe uliyebatizwa ukiwa mchanga, uliyebeba rozari ndani ya kofia ya kazini. Sokoni waliokuwa wakikuuzia nyanya walivuta macho kwa vidole ulipogeuka. Wewe ulijua. Ulikuwa ukihesabu nyanya zako polepole ili uwape nafasi ya kumaliza. Na ule upuuzi wa mbwa. Kila siku mbwa. "Mchina, mbwa wa kwenu Ipililo mbona wamepungua?" Ndipo ukachukua kile kimbwa chenye kigaga, ukakiita Bantay, ukasema maana yake mlinzi, ukakiogesha kwa dawa mpaka manyoya yakaota. Nilidhani watanyamaza. Wakasema unamnenepesha.

Nisamehe, nayaandika haya kama hukuyaona. Uliyaona yote. Nadhani nayaandika ili nijiaminishe kwamba sikuyaota.

Sasa nikueleze msiba wako, maana hakuna aliyekueleza.

Presha ilikuangusha kwenye nyumba ya pampu, na hukutoka hospitali. Hilo unalijua. Mkeo, Mama Tala, hakutaka usafirishwe kwenu. Alisema ulijenga nyumba Ipililo kwa mikono yako, ulipanda michungwa Ipililo, na binti yako yuko Ipililo, basi utalala Ipililo. Dada yako mkubwa, Ate Luz, alikubali kwa simu huku analia. Aliomba jambo moja tu, aseme maneno machache kwa niaba ya ukoo kabla hujafunikwa. Mama Tala akanipa simu yake niishike, kwa sababu mimi ndiye ninayejua Kiingereza cha kumtafsiria. Nilimwona Ate Luz kwenye kioo akiwa amevaa nguo nyeupe, wazee watatu wamekaa nyuma yake wamenyooka kama wanapigwa picha ya pasi ya kusafiria. Kwao ilikuwa usiku. Walikuwa wamekaa macho kwa ajili yako.

Msemaji wa shughuli akatangaza: "Sasa tunamwomba mwakilishi wa ukoo wa marehemu."

Nikainuka na simu. Lakini walikuwa wameshamfuata Injinia Shen.

Shen alikuwa amekaa nyuma kabisa, pamoja na madereva. Alikuja na shati safi kumzika mfanyakazi mwenzake, basi. Wakamshika mkono, wakampitisha katikati ya viti, wakamkalisha kwenye jamvi la wafiwa karibu na Mama Tala. "Karibu, kaka wa marehemu." Alikuwa anatikisa kichwa. "Hapana, hapana. Mimi kazi moja tu." Mzee mmoja akasema mwacheni, ana uchungu. Mwingine akamuuliza, kwa adabu kabisa, Kuya, kwa adabu iliyonifanya nitamani ardhi inifiche: "Nyinyi kwenu mnalaza kichwa upande gani?" Shen akasema, "Sijui. Muulize padri." Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni unyenyekevu. Wakampa kipaza sauti. Akasema, "Rodelio fundi mzuri. Pole." Akakaa. Makofi.

Nikamfikia msemaji wa shughuli na simu mkononi. Nikamwambia dada wa marehemu yuko hewani. Akaniangalia kama nimemletea bili. "Binti, msemaji wa familia ameshazungumza. Muda hautoshi." Nikamwambia yule si wa familia. Akasema, "Si wale wale?"

Si wale wale. Nilirudi kwenye kiti changu na simu kifuani, kioo kimegeukia blauzi yangu, ili Ate Luz asione jinsi watu walivyokuwa wakipanga foleni ya chakula. Alikuwa bado anauliza, kwa Kiingereza cha taratibu, "Ni zamu yetu sasa?" Shen aliinama aliponipita, macho yamemwiva, akaniambia, "Minza, mimi kwa nyumba yake naingia mara mbili tu. Kwa nini mimi?"

Ulidhani iliishia hapo? Tulipokuwa tunakula, Meneja alisimama na sahani yake ya pilau. Akaweka sahani chini. Akavuta macho kwa vidole viwili viwili, akasema, "Chin chon chan, maji takuja kesho," eti anakuiga. Wewe uliyesema Kiswahili kilichonyooka kuliko chake! Halafu Bantay, aliyekuwa amelala kando ya udongo mbichi na kukataa kuondoka, Meneja akamnyoshea kidole. "Huyu leo kapona."

Walicheka. Mtu mmoja alicheka mpaka punje za wali zikamtoka mdomoni zikaanguka kwenye shati, akaziokota, akazila tena. Ile picha haiondoki, Kuya. Kila nikiona pilau inanijia.

Meneja alipoona wengine tumenyamaza, akasema, "Jamani, utani tu. Msibani si kuna watani?"

Unamkumbuka Bi Zuhura, mhasibu wetu. Mzaramo, na unajua utani wa Wazaramo na Wasukuma. Kila asubuhi akiingia ofisini huniuliza, "Vipi, Msukuma, umeoga, au unasubiri mradi wa maji ukamilike?" Nami humuuliza kama wameshauza shamba lililobaki ili wacheze ngoma ya Jumamosi. Bibi yangu alipofariki, Bi Zuhura alikuja akajilaza njiani mbele ya jeneza, akagoma kuinuka mpaka apewe kuku, akamtukana marehemu uchoyo wake mpaka mama yangu akacheka katikati ya kilio. Na alipokwisha kuchukua kuku wake, alikaa nyuma ya nyumba akaosha masufuria yote ya msiba, peke yake, mpaka vidole vikamkunjamana. Huo ndio utani ninaoujua mimi. Anayekutukana ndiye anayekuoshea vyombo.

Basi Bi Zuhura akafuta mikono, akamwambia Meneja mbele ya watu, "Utani wa wapi huu, Meneja? Mtani humtukana anayeweza kumrudishia. Huyu umesubiri alale. Na mtani akimaliza kutukana huosha vyombo. Haya, masufuria yale pale."

Meneja akacheka. "Bi Zuhura bwana, mkali kama pilipili ya kwenu." Akachukua sahani yake, akaongeza nyama.

Hakuosha hata kijiko.

Sasa njoo kwenye bango. Watu wa Kasoli walianza wao wenyewe kusema "tukachote kwa Mchina", kama wanavyosema kwa Mangi au kwa Mpemba, na siwalaumu sana, kwa sababu huku kwetu mahali kupewa jina la mtu ni sifa. Mtu haitiwi kituo kama hakuacha alama. Lakini Meneja alipolisikia akalishika kama ameokota dhahabu. Kuna mgeni rasmi anakuja kuzindua. Akasema tutaweka bango, tutamuenzi marehemu, wananchi wenyewe wameshachagua jina. Ate Luz naye alipata habari kwa Mama Tala kwamba mdogo wake anaandikiwa bango. Akanitumia ujumbe. Anaomba picha. Anataka kuichapisha, aitundike kwa wazazi wenu. Ameuliza maneno yatasemaje.

Nimjibu nini? Nikae nimtafsirie neno kwa neno? Kwamba tulikuweka ardhini kwa msemaji asiye wako, na sasa tunakuandikia taifa lisilo lako, na tunaomba atabasamu?

Jumapili nilipanda bodaboda nikaenda Ipililo. Mama Tala alikuwa anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya paa la banda. Hakushuka. Nikamweleza nikiwa nimesimama chini, nimeinua shingo. Alisikiliza mpaka mwisho, akageuza vipande vyote vya upande mmoja kabla ya kunijibu.

"Ng'ombe wa baba yangu," akasema, "kila mmoja alikuwa na jina lake. Akipotea mmoja, hatukwenda kwa majirani kuuliza mmeona ng'ombe. Tulimtaja. Mume wangu wanamshinda kumtaja?"

Tala akatoka ndani na Bantay. Amekua, Kuya. Meno ya mbele hayapo. Shuleni wanamwita chotara, na wengine nusu Mchina, na kuna mmoja humvutia macho kila wakipanga mstari. Akaniuliza, "Shangazi, baba alikuwa Mchina?" Nikamwambia hapana, baba yako alikuwa Mfilipino. Akalijaribu mdomoni pale penye pengo la meno, "Mfilipino," likatoka na upepo mwingi. Akasema, "Wenzangu wanasema bombani kutaandikwa Mchina. Kwa hiyo bango litakuwa linadanganya?"

Mwanao akishajua kusoma vizuri, atapita Kasoli kila mnada na mama yake. Swali lake Tala alilitoa bila hasira. Aliuliza tu, kama anavyouliza kwa nini mwezi unatufuata.

Mama Tala akashuka ngazi. Akanifungia michembe kwenye kitambaa. "Waambie waandike jina lake. Na kama wanataka lazima waseme ni mtu wa wapi, waandike Mfilipino wa Ipililo. Yote mawili. Asionekane mpita njia."

Leo asubuhi tulikuwa na kikao. Sijawahi kusema kitu kikaoni, unajua. Mimi huandika wanayosema wengine. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao na anayeurefusha au kuukata ni Meneja. Mama yangu na wadogo zangu wanautegemea kama paa. Nilikuwa nimejiandalia sentensi zangu tangu juzi. Zilipofika kooni zikasambaratika. Nikasema, "Samahani, Meneja, kuhusu bango. Marehemu alikuwa anaitwa Rodelio Magsino. Familia inaomba liandikwe hilo." Sauti yangu ilitoka ndogo kama ya mtu aliyefungiwa kabatini.

Meneja akaegemea kiti. "Nguwandu, wewe ni karani au msemaji wa ubalozi?" Wawili watatu wakacheka. "Bango ni la wananchi. Mwananchi wa Kasoli umwambie twende kwa Magsino, si atadhani ni dawa ya meno?"

Hapo wakacheka wote walioweza kucheka.

Injinia Shen akainua mkono kama mwanafunzi. Hakuwahi kuinua mkono tangu nimjue. Akasema, polepole, "Mchina ni mimi. Mimi sikufunga bomba Kasoli. Sitaki heshima ya mtu mwingine. Na mimi pia naitwa Shen."

Bi Zuhura, bila kuinua macho kwenye vocha zake, akasema, "Meneja, na wewe ukitutoka, kituo chako tuandike Kwa Mbara?"

Laiti ungeuona uso wake. Yule aliyecheka juu ya kaburi lako, neno moja dogo la watu wa pwani, wanavyowaita watu wa bara wakitaka kuwashusha, likamkausha. "Mimi nina jina langu," akasema.

"Ehee," akajibu Bi Zuhura.

Nilidhani sasa ameelewa. Sijui kwa nini nilidhani hivyo. Hakuelewa chochote, aliumia tu. Akaisukuma karatasi mezani ikanifikia. "Haya. Karani ndiye mwenye elimu ya kutunza majina. Andika unavyotaka, uweke sahihi yako chini, si yangu. Mgeni rasmi akiuliza huyo Magsino ni nani, utajibu wewe mbele ya watu. Na hebu nikumbushe," akasema akifunga faili, "mkataba wako unaisha lini?"

Akaondoka. Wengine wakaondoka naye kwenda kula. Nikabaki na karatasi hii, na wewe.

Kinachonichefua zaidi si Meneja, Kuya. Meneja nimeshamjua. Ni wale wengine, watu wema, wanaonisalimia vizuri, waliosoma kuliko mimi. Mmoja wao alinipitia mlangoni akaninong'oneza, "Minza, achana nalo. Jina tu." Jina tu! Mwandike yeye jina lisilo lake kwenye hati ya mshahara, uone kama hatavunja mlango. Watu tunaojua kukasirika tukiitwa majina na wageni, tunaojua kabisa jinsi inavyouma, tumempata mgeni mmoja mpole, mfupi, tukambandika neno la kwanza lililotujia mdomoni, na akifa tunataka kulichonga kwenye bati tuliite heshima. Nimekaa hapa nanusa harufu ya pilau kutoka mgahawani na siwezi kula. Mikono inanuka jasho la woga. Nimekwenda kunawa mara tatu. Maji yale yale ya mabomba yako.

Naogopa. Sitakuficha. Naogopa kurudi nyumbani kumwambia mama kwamba kazi imekwisha kwa sababu ya bango. Naogopa kusimama mbele ya mgeni rasmi na sauti yangu ya kabatini. Nimefikiri nipeleke karatasi ilivyo, nikae kimya mkataba urefushwe, na nimwambie Ate Luz picha haikutoka vizuri. Nimelifikiri hilo kwa makini kabisa, kama ninavyofikiri mambo yote. Na kila nikilimaliza namsikia akiuliza ndani ya blauzi yangu kama ni zamu yao sasa.

Kwa hiyo nimekata maneno ya Meneja kwa mstari mmoja, kwa rula, kama tulivyofundishwa, ili yaliyokatwa yaonekane. Nimeandika hivi:

KITUO CHA MAJI KASOLI
KWA RODELIO MAGSINO
FUNDI, MFILIPINO WA IPILILO

Chini nimeandika jina langu lote na kutia sahihi. Ng'wandu imetoka imepinda kama njia ya mbuzi, lakini inasomeka. Nimempigia fundi wa mabango, amesema niwahi kabla hajafunga. Herufi zako amenitajia moja moja kwenye simu kuhakikisha, na alipofika mwisho akauliza, "Huyu si ndiye yule Mchina?" Nikamwambia ni Mfilipino, alikuwa anaitwa Rodelio. Akasema, "Aa, Rodelio." Basi. Hakufa. Ulimi haukumng'oka.

Ukiwa unaondoka jioni ulikuwa ukipita dirishani pangu unagonga kioo kwa kidole, unasema "Ingat." Uliniambia kwenu ni kumwambia mtu ajitunze njiani. Mimi nilikuwa nikijibu kwa Kisukuma, wabeja, asante, na hatukuwahi kujali kwamba majibu hayaoani. Bado nainua kichwa saa ile.

Nakuahidi hili, na ni dogo, lakini nitaliweza. Siku ya uzinduzi nitakuwa pale bombani, na mgeni rasmi akiuliza wewe ni nani, nitamjibu, hata kama itabidi nirudie mara mbili ndipo nisikike. Nitamshikia Ate Luz simu, safari hii kioo kikiangalia watu, na atasema alichotaka kusema, hata kama watakaobaki kumsikiliza ni Mama Tala na wanawake wenye ndoo. Na baada ya hapo, nikiwa na kazi au sina, kila mtu atakayesema mbele yangu "twende kwa Mchina", nitamtajia jina lako. Taratibu, bila ugomvi. Atalikosea, nitalirudia. Atacheka, nitalirudia.

Wanarudi kutoka kula, nasikia viti. Lazima niwahi kwa fundi wa mabango.

Ingat, Kuya.

Mdogo wako,
Minza Ng'wandu